Shairi la Redioni

Harufu ya mawese yanayochemka kwa jirani imenirudisha Katubuka, mtaani kwetu nilipokuwa mwanafunzi, mchana ule. Ilikuwa siku ya nne baba hajarudi kutoka kuvua ziwani. Redioni kulikuwa na tamasha la okestra, fidla nyingi zikilia pamoja, kisha mtangazaji akaeleza kwa Kiingereza kwamba muziki ule ulitungwa kutokana na shairi, akalisimulia kwa ufupi.

"Anasemaje, mwanangu?" mama akaniuliza, maana nyumbani ni mimi tu niliyejua Kiingereza.

Shairi lilihusu mume aliyezama baharini. Nikamwambia, "Ni shairi la msafiri aliyerudi nyumbani."

Mama alifuta macho kwa kanga. "Basi naye atarudi."

Akampakulia baba ugali na samaki wa mgebuka, akaifunika sahani. Alifanya hivyo kila siku mpaka nilipomaliza shule, nami sikuthubutu kumwambia shairi lile lilisema nini hasa.