Mshipa Nyuma ya Duka

Katika ofisi yetu ya hisa mjini London, mimi ndiye niliyeajiriwa kuwakatisha watu tamaa. Kampuni ndogo ya madini ikitafuta wawekezaji, nilipewa ramani na majibu ya sampuli za mwamba, niseme kama hapo patatoka mgodi au ni porojo. Nyingi zilikuwa porojo, nami nilizikataa kwa raha. Nimezaliwa dukani, mtu anayesifu bidhaa mbovu namjua kwa harufu.

Ikaja kampuni yenye leseni ya kutafuta dhahabu upande wa Musoma. Nilipokunjua ramani nikauona mto, nikaiona njia ya malori, na katikati yake kijiji tulichokuwa na duka kabla ya kuhamia Uingereza. Walikuwa wamechoronga mashimo kila upande, na mshipa wa mwamba uliotoa dhahabu nzuri kuliko yote ulipita nyuma ya duka letu.

Nyuma ya duka ndipo alipozikwa mdogo wangu. Sisi Mabaniani huchoma maiti, lakini mtoto mchanga huzikwa, tena kwetu hakuwekewa hata jiwe. Alikufa kabla ya kupewa jina. Kwenye ramani ya kampuni palikuwa peupe, kama hapajawahi kukaa mtu.

Nikaanza kutafuta kasoro, na jinsi nilivyohangaika naona haya hata kusimulia. Maji haba? Mto uko palepale. Barabara mbovu? Baba alikuwa akileta sukari kwa lori hata masika. Dhahabu ilikuwapo, wala haikuwa chini sana. Nikikataa, ninadanganya, nikikubali, ninamfukua ndugu yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulala vizuri wiki ile.

Jumapili nilikwenda kwa mama, mtaa wa Neasden, humohumo London. Nilimkuta jikoni anachambua dengu, nikamweleza kwa kuzungukazunguka. Mama alikuwa akinisemesha Kiswahili kilekile cha dukani. Kigujarati alikiweka kwa ajili ya Mungu na wakwe. Aliuliza kama ninaweza kuwazuia. Nikamwambia siwezi, kazi yangu ni kusema tu kama pana kitu.

"Pana?"

"Pana, Mama."

"Basi sema pana."

Nilidhani hajanielewa. Nikamwambia wazi kwamba wakichimba watamtoa mtoto, na hawatajua kama wamemtoa. Akaacha dengu zake, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Wewe unapanda ndege kila mwaka kwenda kutazama mawe ya watu," alisema. "Kanada umefika, Australia umefika. Ndugu yako hujaenda kumtazama hata siku moja. Leo unawakasirikia hao wanaokwenda?"

Alisema kweli, na iliniuma kwa sababu sikuwahi hata kufikiria kwenda. Nikamwahidi, kwa haraka ya mtu aliyekamatwa, kwamba nitasafiri kabla hawajaanza kuchimba, nimtoe mtoto na kumzika mahali pengine.

"Utachimba wapi?" aliuliza. "Wewe ulikuwa umelala siku ile. Baba yako hayupo. Mahali penyewe ninapajua mimi."

Kisha akaegemea meza kwa mikono yote miwili ili asimame, na magoti yakakataa, ikabidi nimwinue.