Kijiti Kwenye Mkono wa Mrina Asali

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa daktari kijana wa mifupa hapa Tabora, akaletwa mzee mrina asali kutoka Sikonge. Alikuwa ameteleza akishusha mzinga, kiganja kikatua juu ya kisiki. Mkono umevimba, vidole havikunjiki, na mkono huo ndio wa kushikia kamba akipanda miti. Hakuwa na kazi nyingine.

Nikampiga eksirei. Mifupa mizima. Nikamwambia hamna kitu. Yeye akagusa chini ya kidole gumba, akasema kwa upole kwamba kuna kijiti humo, anakisikia. Nikacheka. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa kucheka. Kumbe kijiti hakionekani kwenye eksirei, na hilo nilifundishwa kabisa, nikaliacha kwenye daftari. Aliporudi mkono unatoa usaha, nikampasua kwa kukisia. Nilitafuta mpaka nikakata mshipa mdogo wa fahamu, na kijiti sikukipata.

Ndipo nikamwendea Bi Zuhura wa Isevya, mama mtu mzima aliyekuwa akipima wajawazito kwa altrasaundi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba wa watu amekuonyesha kwa kidole chake mwenyewe," akasema. "Ulikuwa unamngoja nani mwingine akwambie?"

Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona.

Akaja na mashine yake chumba cha upasuaji, akapaka jeli. Kwenye kioo kukatokea ukungu wa kijivu, kama mbuga asubuhi ya masika. Kano zikapita polepole ndani yake. Nikasahau nilipo. Kisha kikajitokeza kistari cheupe chenye kivuli nyuma yake. Yeye akashikilia picha, mimi nikaifuata ncha ya koleo langu humo ukunguni mpaka ikagusa. Kikatoka kijiti, urefu wa njiti ya kiberiti.

Vidole vilikunjika, mzee akarudi mitini. Mwaka uliofuata alipita kunisalimia, mwenye furaha. Nilipompa mkono nikaona mwiba wa nyuki umeganda kwenye gumba lake. Nikamuuliza kama unamuuma. Akautazama kwa mshangao. Hakujua kwamba upo.

Basi wewe unayeanza leo, na mashine nzuri kuliko ile, mgonjwa akisema ni hapa, anza kutazama hapo, kisu kingoje. Ukishindwa kuona, mwite anayeona. Mungu akutulizie mkono, mwanangu, na kila utakayemgusa aondoke akiwa anahisi vidole vyake vyote.