Jibu la Kwanza Kutoka Burat

Kila Ijumaa mimi, mwakilishi wa wadi, huwatumia watu wangu wa Burat ujumbe wa sauti kuwaeleza kazi ya wiki. Mzee mmoja kila mara alikuwa wa kwanza kujibu, kwa utani. Alipofariki, mjane wake aliniomba nimkumbuke katika ujumbe huo.

"Usimfanye malaika," aliniambia. "Watu wakicheka, watajua ni yeye."

Basi nikaeleza polepole kwa nini pampu ya kisima imechelewa, kisha nikasimulia jinsi mzee alivyodai kwamba nikieleza bajeti, hata ngamia wake husinzia. Nikatuma, nikangoja kwa wasiwasi.

Jibu la kwanza lilikuwa sauti ya yule mjane.

"Salaam aleikum, mheshimiwa. Umeongea sana, kama kawaida. Sasa maji ni lini?"

Nyuma yake nyumba nzima ilikuwa ikicheka.