Tundu Nililoliziba

Mwezi wa kumi mwaka 1997, hapa Johannesburg, nilipoteza tundu. Ndiyo, mwanangu, tundu la kitambaa, la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Naikumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

Nilikuwa mjane wa miezi minne. Mume wangu alikuwa mtu wa huku. Tulioana Morogoro alipokuwa uhamishoni, na nchi yake ilipokuwa huru nikamfuata na mtoto wetu, Lindiwe. Alipofariki sikuwa na ndugu wa kumkimbilia. Aliyenipokea ni Mzee Govind, fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle. Yeye ni Mhindi mzaliwa wa hapahapa, lakini naye alikaa uhamishoni Tanzania zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili alikijua sana. Alinipa cherehani karibu na dirisha na hakuniuliza maswali.

Wa tatu pale dukani alikuwa Papa Kalala, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi wa suti na wa maneno.

Asubuhi moja Mzee Govind alikuja na bahasha kubwa. Akatoa bendera ndogo ya pembetatu, rangi ya machungwa iliyochujuka, kuukuu, nyepesi kama ganda la kitunguu. Dada yake ndiye aliyeitunza miaka yote ambayo yeye hakuwepo.

"Mwanangu, hii itie bitana mpya tu," aliniambia. "Jumamosi ni Dasara, sikukuu yetu. Wazee wangu ni Wamaratha, watu wa Bombay kwa juu kule. Siku hiyo tunapumzisha vyombo vya kazi. Hata hizi cherehani zitavishwa maua. Na hii bendera ina habari yake. Hapa, unaona, babu wa babu zangu alipigana na Waingereza..."

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Mwanangu, sikuwa nikisikiliza. Mteja alikuwa mlangoni anadai sare za shule, na tangu msiba mtu akianza habari za wazee na vita vyao masikio yangu yalikuwa yanajifunga yenyewe. Mzee aliona. Akaikunja bendera, akaiweka mezani pangu, akaenda zake mjini kununua vitambaa.

Nilipoifungua niliona tundu katikati. Kingo zake zilikuwa nyeusi, zimeungua, na pembeni doa la kahawia. Nikafikiri, huyu mzee amenitendea wema, ngoja nimshangaze. Nikachukua mkasi mdogo, nikakata zile kingo zilizoungua mpaka nikafika kwenye uzi mzima. Kisha nikatililia. Nilisuka uzi juu ya uzi kwa saa tatu, rangi nikaioanisha kwa kulowesha uzi kwenye chai. Mama yangu alinifundisha kazi hiyo, na sijapata kuifanya vizuri kama siku ile.

Papa Kalala akaiinua kwenye mwanga. "Eish! Mama Lindiwe, tundu liko wapi? Umelizika bila hata kuita pasta!"

Tukacheka. Vile vipande vilivyoungua nikavifagia pamoja na takataka. Lori la taka likapita, likazoa.

Mzee aliporudi alasiri, aliichukua bendera akaipeleka dirishani. Alipitisha kidole gumba katikati, polepole, mara ya kwanza, ya pili. Kisha akaigeuza, akatafuta upande wa pili.

Papa Kalala aliniinamia sikioni. "Sema ni panya. Panya haina wakili."

Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Duka lilikuwa na panya kweli, na kazi ile ndiyo iliyomlisha mwanangu.

"Liko wapi, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Nimeliziba, Mzee. Zile kingo nilizikata kwa mkasi. Zimeondoka na lori."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Sikuwahi kumwona akikalia kile kiti. Hapo ndipo akanieleza yale aliyotaka kunieleza asubuhi, na safari hii nilisikiliza.

Babu yule alikuwa mbeba bendera. Wamaratha walikuwa na mizinga mizuri na watu wengi, lakini wakubwa wao hawakuelewana. Wengine walikaa pembeni wakitazama, wengine walinunuliwa, na Waingereza wakawapiga mmoja baada ya mwingine. Siku ile mizinga ilipotekwa, mbeba bendera aliivua mlingotini, akajifunga kiunoni, akakimbia. Risasi ilimpata nyuma, ikapita kwenye kitambaa. Aliyempiga alikuwa Mhindi mwenzake aliyevaa koti jekundu la Waingereza, pengine wa kijiji cha jirani. Babu alipona, akachechemea maisha yake yote.

"Hakuwa shujaa," Mzee alisema. "Alikimbia, akaishi, akazaa, ndiyo maana mimi niko hapa. Kila Dasara mtoto wetu anayefikisha miaka saba anapitisha kidole kwenye tundu, na mkubwa wa familia anamwambia hivyo, bila kuongeza chumvi. Mwaka huu ni zamu ya mjukuu wangu. Na ni mara ya kwanza mimi kuwa mkubwa."

Kisha akasema, "Usipoliona tundu, utadhani bendera hii ilishinda."

Nilimwomba anifukuze. Akanijibu, "Nikikufukuza nani atafumua?"

Nikafumua. Uzi juu ya uzi. Lakini mkasi wangu ulikuwa umekata mraba, na lile tundu la mviringo lenye kingo nyeusi halikurudi.

Jumamosi cherehani zote zilikuwa kimya, zimepakwa manjano na kuvishwa maua. Ndugu zake walijaa dukani. Mimi nilisimama karibu na mlango, tayari kutoka. Mjukuu, Anjali, alipitisha kidole, akakunja uso, akauliza kwa Kiingereza mbona tundu la risasi ni la mraba.

Watu wakamgeukia Mzee. Mzee hakunificha, na hakunitaja. Alinitazama tu.

Nikamwambia yule mtoto kwa Kiingereza changu kibovu, "Tundu la kwanza alilitoboa askari wa Waingereza. Hili nimelikata mimi, nilitaka kitambaa kionekane kizima. Nisamehe."

Anjali alifikiri. Akageuka kwa babu yake. "Na hii nayo nitawaambia watoto wangu?"

"Yote," alisema Mzee. "Kwa mpangilio."

Jioni nilirudi chumbani kwetu, nikamkalisha Lindiwe. Alikuwa na miaka tisa. Tangu mazishi nilikuwa nimemwambia baba yake alikufa kwa homa ya mapafu, ghafla, bila maumivu. Nilimwambia ukweli. Baba alirudi kwao akakosa kazi na akakosa wenzake, akaanza kunywa, na siku ile alivuka barabara amelewa, akagongwa na teksi. Nikamwambia pia kwamba kabla ya hayo alikuwa mtu mwema na aliyenichekesha sana, kwa sababu na hilo ni kweli.

Hakulia. Aliuliza, "Ni barabara ipi, Mama?"

Nasaha yangu ni hiyo tu, mwanangu. Mkubwa wako akianza kukueleza habari ya kitu, weka mkasi chini umsikilize mpaka amalize, hata kama mteja yuko mlangoni. Na utakapowasimulia wanao habari za kwenu, usizizibe ili zipendeze. Ukikosea, sema umekosea, kabla hujamtafuta panya wa kumsingizia. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi wa kweli, na akupe mtu wa kukuuliza maswali kama Anjali na Lindiwe.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilimpeleka Lindiwe mtaa wa Turffontein, kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, pale alipogongwa baba yake. Tukasimama tumeshikana mikono mpaka taa ikageuka kijani mara tatu. Mara ya nne tukavuka.