Kipimo Kilichosema Kumi na Nne

Mama hajawahi kurudishiwa gunia la korosho kwenye ghala la chama cha ushirika, na wanakijiji wote wanalijua hilo, maana hachoki kulisema. Kipimo chake ni sikio. Anachota korosho kwenye jamvi, anazitikisa karibu na shavu akisikiliza zinavyolia, anatamka: tayari, au bado.

Nilipomaliza chuo kikuu nilimuuliza sikio linajuaje. Akasema linajua. Sikuridhika, nikaunda kipimo changu: vyuma viwili vya kuchoma ndani ya gunia, kidhibiti kidogo cha kielektroniki cha kusoma unyevu, na waya wa kutuma namba kwenye kompyuta. Unyevu ukizidi, namba inapanda. Korosho kavu tulizobakiza msimu uliopita zilitoa tisini.

Siku ya kupeleka mzigo, guta la kubebea magunia lilishafika uani. Nikachoma gunia la kwanza. Kumi na nne.

“Kavu kabisa,” nikasema. “Tupakie.”

Mama akatikisa konzi ya korosho karibu na sikio. “Hizi hazilii, mwanangu.”

“Namba haidanganyi, mama.”

“Juzi zimenyeshewa. Leo ziwe kavu kuliko za mwaka jana?”

Dereva wa guta akaegemea usukani. “Msomi, hapo umebanwa.”

Kweli nilibanwa. Mimi ninayemdai kila mtu ushahidi, mashine yangu sikuidai. Nikaketi barazani na kompyuta, nikafuatilia namba tangu inaposomwa hadi inapofika. Kusoma kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kutuma: niliipitisha namba kwenye waya kwa baiti moja, kipande kidogo cha data, na baiti moja haibebi zaidi ya 255. Ikizidi hapo, hesabu inaanza tena sifuri. Unyevu halisi ulikuwa 270. 256 zikaachwa njiani, zikafika kumi na nne.

Nikaigawa namba katika baiti mbili, moja ya kuhesabu 256 ziko ngapi, nyingine ya kubeba masalia, na kompyuta ikaziunganisha. Nikachoma tena. 270.

“Bado,” nikasema.

“Haya,” mama akasema, akaanza kufungua magunia.

Siku ya tatu juani, sikio lake lilisema tayari kabla sijachomeka waya. Kipimo kikatoa themanini na nane.

Ghalani mkaguzi alipitisha magunia yote. Mama akamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi nje, “Zimepimwa na mwanangu, kwa mashine.”

Mimi hubishia kila kitu. Hilo sikulibishia.