Barua Kabla ya Mnada: Hajara Alivyoinusuru Nyumba Yake Tororo

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza la duka moja karibu na mahakama ya Tororo, Hajara anapangusa vumbi kwenye taipureta yake kwa upindo wa leso. Hajaingiza hata karatasi, mteja wa kwanza keshasimama mbele yake, kofia mkononi.

Ni Maloba, seremala kutoka Masaba mwenye nyumba ya matofali mjini Busia. Anatoa barua mfukoni. Imekunjwa mara nne na imelowa jasho.

"Mama Madina," anamwita Hajara kwa jina la mwanawe, "nisomee hii. Nakaa nayo wiki tatu. Naogopa tu."

Hajara anaisoma kimya hadi mwisho, kisha anarudia tarehe kwa sauti. Chama kilichomkopesha Maloba kimempa siku thelathini. Asipolipa malimbikizo, nyumba aliyoiweka rehani itauzwa.

"Zimebaki siku tisa, mzee. Tisa si haba. Lakini hizo wiki tatu umezilalia bure!"

Anamvutia kiti. Anamuuliza anapata kiasi gani kwa mwezi, nani anamtegemea, kipi kinaweza kuuzwa bila kuua kazi yake. Maloba anapotaja kiasi kikubwa, Hajara anatikisa kichwa. "Usiniambie unachotamani kulipa. Niambie unachoweza."

Kwa watu wa Tororo, Malaba hadi Busia, mama huyu wa miaka thelathini na minane ni zaidi ya mpiga taipu. Barua ya kuomba kazi anatoza shilingi tano. Barua ya kuiombea nyumba muda anatoza bei ya karatasi tu, ingawa mwaka huu wa 1978 karatasi na utepe wa mashine vimekuwa adimu kama sukari.

"Joto la barua ile nalijua," anasema. "Ilifika kwangu pia."

Taipu alijifunza katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mwaka 1972, mwenye kiwanda alipolazimishwa kuondoka Uganda pamoja na Wahindi wenzake, alimwachia mashine hiyo badala ya mshahara wa miezi miwili.

Mwaka uliofuata mumewe Sulaiti, dereva, alikopa shilingi elfu kumi na nane kununua lori kuukuu, akaweka rehani nyumba yao ya vyumba vinne. Miaka miwili mambo yalinyooka. Lori lilibeba pamba ya Paya na bidhaa za Malaba, na zile shilingi 420 za kila mwezi hazikuchelewa hata siku moja.

Kisha, siku moja ya 1975, Sulaiti alirudi nyumbani kwa miguu, bila viatu. Lori halikurudi.

Mwandishi anapouliza nani alilichukua, Hajara anatazama barabarani kwanza. "Andika lori lilikosekana," anasema. "Wasomaji wako wana akili."

Miezi ikapita. Hajara alidhani wakopeshaji wamewahurumia, mpaka Jumamosi moja alipotoa godoro kulianika, akakuta barua tatu chini yake. Ya mwisho ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

"Niliona nikinyamaza watanisahau," Sulaiti alimwambia, macho chini.

"Deni halikunikasirisha," Hajara anakumbuka. "Kilichoniuma ni kwamba alilibeba peke yake, na mimi nalala pembeni yake."

Jioni ileile tajiri mmoja wa mjini, aliyekwisha kunusa habari, alifika na bahasha. Shilingi elfu sita taslimu, wahame kesho. Deni lililobaki lilikuwa elfu kumi. Hajara alimkaribisha chai isiyo na sukari.

"Nikamuuliza, nikikuuzia kwa elfu sita, hizo elfu nne atalipa nani? Akamaliza chai, akaaga."

Jumatatu mke na mume waliongozana hadi ofisi ya chama kilichowakopesha. Hajara alikuwa amepiga barua na kujiwekea nakala. Kazi ilikuwa sentensi moja tu, ile ya kueleza kwa nini hawajalipa miezi mitano. Ukweli ulioandikwa ungeweza kumpeleka aliyeuandika mahali ambapo watu hawarudi. Akaandika: gari halipo tena.

Meneja, Bwana Rasto, alisoma akainua kichwa. "Lori liko wapi?"

"Bwana meneja," Hajara akajibu, "wewe unakaa Tororo hii, na sisi tunakaa hapa hapa."

Rasto aliinuka akafunga mlango. Alipoketi tena alichukua kalamu, akaandika pembeni kwa mkono wake: Gari limeharibika, halitengenezeki. Kisha akauliza, "Kwa mwezi mnaweza ngapi?"

Jibu lilikuwa tayari. Vyumba viwili wangempangisha mwalimu Edeku kwa shilingi 140. Tisini zingetoka kwenye taipureta. Jumla 230, bila kukosa.

Siku mbili kabla ya mnada, jibu la kamati ya chama lilifika. Mnada umesimamishwa, malipo yamepunguzwa, miaka imeongezwa.

"Riba ilipanda, sikatai. Muda haupewi bure," anasema. "Lakini tulibaki na mlango wetu."

Watu sita walibanana vyumba viwili. Sulaiti, aliyezoea kuwatazama watu kutoka juu ya lori, alichuchumaa mbele ya nyumba akiziba pancha za baiskeli. Tangu hapo hawajaruka mwezi.

Hajara ameandikia familia thelathini na moja barua kama ile. Nyumba saba ziliuzwa hata hivyo, nyingi kwa kuwa wenyewe walimjia siku ya mwisho. Hizo anazitaja moja moja, kwa majina ya wenyewe.

Barua ya Maloba imekamilika. Anamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla hajatia sahihi.

"Peleka mwenyewe, leo. Wagonge muhuri kwenye nakala yako. Usitume mtu, baba. Deni linataka kuona uso."

Maloba anavaa kofia, anaondoka kwa hatua ndefu.

Kwa Hajara imebaki miezi kumi na tisa ya kumaliza deni. Hati ya nyumba ikirudi, anataka iandikwe majina mawili, lake na la mumewe. Wazo hilo, anasema kwa fahari, alilitoa Sulaiti mwenyewe.

Je, amekwisha kuipiga barua ya kuomba jina lake liongezwe? Hajara anacheka mpaka mteja anayefuata naye anacheka.

"Ile si yangu. Ataiandika Sulaiti, kwa mkono wake. Mimi nitamwonyesha tu pa kutia sahihi."