Sifuri za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani mwenye sukari, presha na pumu, na siku hizi anaishi kama mtu aliye kwenye usingizi mwepesi. Asubuhi anajidunga sindano, anakula, anameza vidonge, anavuta dawa ya pumu na kusukutua. Kisha anakaa dirishani, mwanga ukitambaa polepole juu ya vitambaa vya watu, na kabla hajatunga uzi, saa ya dawa nyingine imefika. Kliniki nazo zimegawana wiki yake. Ya kushona imebaki Alhamisi tu.

Muuguzi mmoja alimpa fomu ya kupima jinsi matibabu yenyewe yanavyomlemea, sifuri mpaka kumi. Shangazi, Mungu amsamehe, alidhani ni mtihani wa tabia, kwamba anayelalamika ndiye anayeanguka. Akajaza sifuri tupu, kwa mwandiko mzuri, akarudi nyumbani anatabasamu. Wiki iliyofuata wakampangia kliniki ya miguu, kila Alhamisi, maana walimwona ana nafasi.

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua.

"Maradhi wanayajua yote, mwanangu," akasema. "Nilichoficha ni uchovu."

Kesho yake nilimshika mkono tukarudi kwa muuguzi, nikamweleza kosa lilivyotokea. Hakutucheka. Alitoa fomu mpya, akamwomba Shangazi amsimulie siku yake ya jana.

Shangazi alisimulia taratibu, macho yakiwa mbali. Alimeza hiki, akasubiri kile, akapima, akaandika, akalala kidogo akaota anashona gauni lisilo na mwisho, jepesi, linamtiririka mapajani. Alipoamka, mteja wake wa miaka mingi alikuwa mlangoni, amefuata kitambaa chake. Kilikuwa hakijakatwa.

Muuguzi akauliza basi aandike ngapi. Shangazi akafikiri sana.

"Kumi ndiyo mwisho?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. Alitoka, akakaa huko muda mrefu, akarudi na karatasi: miguu itaangaliwa Jumatatu, siku ileile ya sukari.

Alhamisi nilikwenda kumtazama, nikitegemea kusikia cherehani tangu barazani. Kimya. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, mikono mapajani, analia kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua. Nikataka kumbembeleza, akanizuia kwa upole.

"Niache," akasema. "Leo nina nafasi."